Posa ya Chuo cha Kwenye Simu

Kazi yangu mimi ilikuwa kuulizia. Wa Mji wa Kale hahitaji kuelezwa, lakini si nyote mliolelewa huku, basi nitasema. Posa ikija kwa watu haijibiwi siku ile ile. Wazee huipokea, wakashukuru, wakasema tupeni muda. Muda ule ulikuwa wangu. Nilikuwa naitwa naambiwa, Bi Mwanaesha, kuna kijana wa Kibokoni amemposa binti yetu, hebu tuangalilie. Nikivaa buibui langu nikienda zangu.

Sikuuliza kama polisi. Nikienda kwa fundi wa cherehani wa mtaa ule na kitambaa mkononi, nikiketi. Nikienda kwa mama wa mahamri, nikinunua, nikisifu iliki yake, nikilalamikia joto, mpaka jina la kijana linatoka lenyewe vinywani mwao. Na mtu niliyeelekezwa kwake na upande wa mume simuulizi kabisa, kwa sababu huyo ameshapikwa, amefunzwa la kusema. Mimi namtafuta aliyeondoka. Mke wa kwanza, kama alikuwapo. Mwenzake wa biashara aliyejitoa. Mpangaji aliyehama usiku na godoro lake. Aliyeondoka hana cha kuogopa, atakwambia kilichomwondosha.

Skuli nilisoma madarasa mawili, babangu akanitoa. Kurani nimehitimu, na barua naisoma ikiwa imepigwa chapa, ya mkono inanishinda. Lakini watu wenye digrii zao wamekaa kwenye baraza yangu hapa Kuze, wamemaliza kahawa yangu, wakingoja niseme ndiyo au la. Miaka thelathini na sita. Nimekosea mara moja ninayoijua. Kijana mmoja wa Bondeni nilimkataa kwa kuwa alicheka sana, nikasema huyu ana analolificha. Alioa kwengine, na leo mkewe ni mgonjwa wa kulala na ni yeye anayemuosha na kumlisha. Yule binti niliyemwokoa yuko kwa mamake mpaka hivi sasa. Nikipita pale wananiamkia kwa heshima, nami naitikia, napita.

Sasa nije kwa Sheikha. Sheikha ni mjukuu wangu, mtoto wa marehemu mwanangu, nimemlea tangu ana miaka minne. Mwaka juzi alimaliza kidato cha nne akapata C ya kutoa, chini ya C yenyewe. Mwaka huu chuo kilichoko karibu na Buxton kikampa nafasi ya kusomea diploma ya mambo ya kusafirisha mizigo, na sharti lake lilikuwa moja: afike mwenyewe na karatasi zake kabla ya Ijumaa saa sita mchana. Asipofika, nafasi anapewa mwengine. Pesa ya masomo nilikuwa nimemwekea, inatosha chuo kimoja, haitoshi viwili.

Jumatatu ya wiki ile ile akaja na habari nyengine. Juu yetu anakaa mpangaji, bwana Oloo, mtu wa Kisumu, karani katika ofisi ya kutoa mizigo huko Kilindini. Mtu mtulivu, hodi yake huisikia mara tatu kabla hajaingia. Yeye alimwambia Sheikha kuna chuo cha kwenye simu, unasomea nyumbani, hakuna kwenda wala kurudi, na kwa mwaka mmoja na nusu unatoka na digrii ya mambo yale yale ya mizigo. Jina la chuo silitaji. Wana mawakili, mimi sina.

Sheikha akajaza fomu jioni ile nikiwa kwenye msala. Nimetoa salamu ya Magharibi, nimeshika tasbihi, sijafika hamsini, nasikia anapiga vigelegele chumbani. Wamemkubali. Akaniletea simu nione barua, ina muhuri wa rangi ya dhahabu na tai mwenye mabawa. Inasema amefaulu vigezo vyote, na kwamba yeye peke yake amepunguziwa ada, ila atume pesa ya kushikilia nafasi kabla ya Ijumaa, saa sita mchana.

Nikamuuliza, "Walimuuliza nani?"

"Nani kuhusu nini, nyanya?"

"Kuhusu weye. Wamejuaje kama wafaa?"

Akasema wameona cheti chake, amekipiga picha akawatumia. Nikamwambia anisomee masharti yao yaliyoandikwa pale pale kwenye ukurasa wao. Hakutaka, nikamshikilia. Akasoma haraka haraka kama anayepita mbele ya mbwa: mwombaji wa digrii awe na C ya kujumlisha au zaidi.

"Na weye una gani?"

"Wameniangalia kwa jumla, nyanya. Siku hizi wanaangalia mtu mzima mzima."

Mwanamume akiniambia yeye hachagui, haulizi kabila wala umri wala tabia, ampe yeyote aliye ndani, mimi huwa nakwenda kuangalia nyumba ile ina shamba kiasi gani.

Jumanne nikataka nizungumze nao kwa sauti. Sheikha akapiga, akaniwekea simu mezani. Akapokea kijana anaitwa Maxwell, sauti yake imepakwa asali, akaniita Mama kabla hajajua mimi nani. Nikamwamkia vizuri, nikamuuliza hali, nikamuuliza kwao. Kisha nikamuuliza neno langu.

"Mwanangu, mwaka jana mlimkataa nani?"

Akacheka. Akacheka kwa muda, mpaka nikadhani amelisahau swali. "Mama, sisi kazi yetu ni kuwapa watu nafasi. Hatunyimi mtu ndoto yake."

"Hata mmoja hamkumkataa?"

"Kila mtu ana kipaji chake, Mama."

Nikamuuliza chuo kiko wapi, nikitaka kuja niingie vipi. Akasema wao wako mtandaoni, wako kila mahali. Mtu aliye kila mahali nitamuulizia wapi? Chuo hiki hakina jirani, hakina mlango, hakina mama wa mahamri mbele yake anayejua nani alitoka analia. Nikamuomba basi anipe jina la mwanafunzi mmoja aliyeacha katikati, aliyechoka akaenda zake. Hilo halikumpendeza. Akasema hana wa namna hiyo, ila anao waliohitimu, wenye furaha, na atanitumia nambari zao tatu. Nikamwambia akae nazo. Hapo ndipo akanitajia la kunimaliza: hata hapo Mombasa wanaye mtu wao, anafanya kazi Kilindini, bwana Oloo, nimuulize yeye.

Basi nikajua. Oloo ameshapikwa. Ndiye waliyenielekeza kwake, na ndiye aliyeleta habari nyumbani kwangu. Na mshenga yeyote wa namna ile huwa ana kanzu mpya anayoahidiwa. Nikaanza kumtazama. Jumatano asubuhi alishuka ngazi na viatu vipya, vyeusi, vinang'aa. Akanambia shikamoo, nikaitikia marahaba ya kukata. Akasimama kidogo, akauliza kama miguu yangu inanisumbua. Nikamwambia miguu yangu ni yangu. Akaenda kazini.

Sheikha alisikia. Akaniambia nimemvunjia mtu heshima bila kosa, kwamba bwana Oloo amesoma chuo kile mwenyewe na cheti chake amekitia fremu kiko ukutani, niende nikakione. Nikasema sikwendi kuona vya kuonyeshwa. Na sikwenda.

Siku ile yote nilitafuta wangu. Nikaenda kwa mwenye duka la simu pale Ndia Kuu, nikaenda kwa mke wa imamu ambaye wanawe wanasoma sana, nikauliza kama kuna aliyepata kusikia mtu aliyesoma pale akaacha. Hakuna. Wengine walikuwa wamekiona kwenye matangazo, na mmoja alisema picha ya maktaba yao ina theluji dirishani. Nikarudi na mahamri manne na sina neno.

Alhamisi baada ya chakula cha mchana tukagombana, mimi na Sheikha. Hakupiga kelele, ingekuwa afadhali angepiga. Alikuwa anapangusa meza, akasema bila kuniangalia: "Nyanya, kazi yako ni kukataa watu. Ukikosa la kukatalia unalitafuta. Hata yule wa Bondeni ulimkataa."

Sikujua kama anaijua habari ile. Mji huu hauna siri. Nilikaa nikiangalia vidole vyangu, kisha nikamwambia jambo ambalo sikuwa nimepata kumwambia mtu asiye wa kazi.

Zamani, posa ikinitatiza, sijui kijana anapenda binti au anapenda nyumba ya babake, nilikuwa namtia binti kasoro. Napeleka maneno mtaani kwamba binti yule ana kifafa, au hazai, au aliwahi kuozwa Lamu akarudishwa. Kisha naketi. Mume wa kweli huja mbio. Huja ana hasira, au ana huzuni, au anataka kuuliza, na wako wanaojitoa, nao si wabaya, wamesema kweli yao. Lakini anayesikia kifafa akasema hapana neno, harusi lini, huyo hamtaki binti. Anataka kitu kilicho nyuma ya binti.

Sheikha aliacha kupangusa. "Basi nitie kasoro."

"Jitie mwenyewe. Weye ndiye wajua kuandika."

"Na wakinikataa?"

"Wakikukataa, tutawaambia tulikuwa tunawajaribu. Nitawatumia pesa kwa mkono wangu, na yule Maxwell nitamuomba radhi."

"Utamuomba radhi weye?"

"Nitamuomba."

Hilo lilimfanya achukue simu. Akaandika, akanisomea mara mbili niridhike. Aliandika hivi: kwamba anaomba samahani, cheti alichowatumia si chake, ni cha jamaa yake; kwamba yeye mwenyewe aliacha skuli kidato cha pili na hakufanya mtihani; anauliza kama bado anaweza kuingia digrii. Akatuma. Akaiweka simu juu ya sinia katikati yetu, akaketi amekunja mikono. Nilimwona midomo inacheza. Nilijua anaomba wamkatae. Mtoto wa watu ameketi nyumbani kwake anamuomba Mungu afukuzwe chuo.

Tukasikia hodi tatu. Oloo alikuwa amerudi mapema, meli waliyoingojea haikufunga gati. Sheikha akamkaribisha kabla sijasema, akamweleza yote, mpaka maneno ya ujumbe. Oloo akatikisa kichwa, akakaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Watakukataa," akasema. "Wale wako makini. Usiogope, ukiwaeleza kesho watakurudisha."

Alisema kwa uhakika kabisa. Mimi nikaona hapa hapa nimkamate.

"Bwana Oloo," nikamwambia, "walikulipa ngapi utuletee habari hii?"

Akanitazama kama aliyemwagiwa maji. "Kunilipa? Mama, mimi ndiye niliyelipa."

Simu ikalia. Sheikha akaichukua. Alisoma kimya kwanza, kisha akasoma kwa sauti ya chini, neno kwa neno, kama mtoto wa chuo cha Kurani anayesomeshwa.

"Asante kwa uaminifu wako, Sheikha. Hakuna shida yoyote. Uzoefu wako wa maisha umezingatiwa na kamati yetu, na nafasi yako bado iko. Hongera tena. Kumbuka mwisho wa malipo ni kesho saa sita mchana."

Nje mtu alikuwa akisukuma mkokoteni wa maji, magurudumu yanapiga kelele kwenye mawe. Sheikha aliiweka simu chini imelala kifudifudi. Hakulia. Alinyanyuka akaenda jikoni, nikasikia anafungua maji ya mfereji na hana anachoosha.

Oloo akaniomba ruhusa aitazame. Akaisoma, akavaa miwani, akaisoma tena.

"Na mimi waliniandikia hivi hivi," akasema. "Uzoefu wa maisha."

Ndipo nikasikia yake. Oloo hakumaliza kidato cha nne. Babake alifariki mwaka ule, akaja Mombasa kutafuta kazi. Hakuwaficha chuo kile. Aliwaandikia kweli tupu, kwamba hana cheti ila ana miaka ishirini na mbili bandarini, na wakamjibu kwa maneno yale. Alifurahi, akampigia mkewe Kisumu. Alidhani katika dunia hii ametokea mtu mmoja aliyeiona ile miaka. Alisoma miezi kumi na minane, kila Jumapili baada ya kanisa, hata siku moja hakukosa swali. Kazi aliyoiandika kurasa thelathini ilirudi imesahihishwa dakika ile ile aliyoituma.

"Sikuona ajabu," akasema. "Nilidhani nina akili."

Tangu Jumanne nimehangaika nikitafuta mtu mmoja anayejua ndani ya chuo kile kuna nini, naye analala juu ya kichwa changu. Angenieleza habari ya zile kurasa thelathini, na mimi ningelijua Jumanne ile ile. Lakini kwa kuwa wao ndio walionielekeza kwake, nilimhesabu kuwa ni wao.

"Ungeniuliza, Mama," akasema, kama aliyesikia.

"Nilikuona na viatu vipya," nikamwambia. Hiyo ndiyo radhi niliyoweza. Akavitazama viatu vyake, akasema amenunuliwa na bintiye, akapanda juu.

Ijumaa asubuhi alishuka mapema kuliko siku zote, amebeba kitu kipana kimefungwa kwa gazeti. Nilijua ni kile cheti cha ukutani. Sikumuuliza anakipeleka kwa tajiri wake au anakitupa baharini pale Feri. Alinambia shikamoo, nikaitikia marahaba kamili, nikamfungia mahamri kwenye karatasi akachukua.

Sisi tukapanda tuktuk mpaka Buxton. Sheikha hakutaka niende, nilikwenda. Foleni ilikuwa inatoka nje ya jengo, wazazi wamejifunika magazeti na mabahasha vichwani kwa jua. Dirishani alikuwa mwanamke mmoja, jina lake limebandikwa kifuani, Ndinda, uso wake haukuwa na asali hata chembe. Akachukua karatasi za Sheikha, akazigeuza, akazirudisha.

"Hii ni nakala. Nataka cheti chenyewe."

Sheikha akamwambia cheti chenyewe kiko nyumbani, akaomba aachiwe nakala kwa sasa, atakileta Jumatatu.

"Jumatatu sina nafasi yako. Saa sita nafunga orodha. Nani mwengine?"

Sheikha akageuka machozi yamemjaa. Mimi nilikuwa nimeshika nguzo ya pale mlangoni, magoti yananiwaka, na nasema kweli nilipendezwa. Nilimpenda mwanamke yule hapo hapo. Ndipo nikamtuma Sheikha arudi na tuktuk ile ile, cheti kimo sandukuni, chini ya kanga za marehemu mamake, nami nikakaa kwenye kizingiti kumshikia zamu. Kila aliyekuja kunipita nilimwonyesha fimbo.

Alirudi imebaki robo saa kufika saa sita, hijabu imemwenda upande. Ndinda akakichukua cheti, akakiinua kwenye mwanga wa dirisha, akapitisha kidole juu ya muhuri, akalinganisha sura na kitambulisho, akauliza jina la skuli na jina la mwalimu mkuu. Akamwacha pale amesimama, akaenda chumba cha ndani, akakaa. Sheikha akaning'ang'ania mkono. Aliporudi akasema, "Diploma, si digrii. Umeelewa? Ukifeli mwaka wa kwanza unarudia au unaenda nyumbani." Sheikha akasema ameelewa. Akapigiwa muhuri wa kawaida, wa wino wa buluu, tena ulifutika pembeni.

Tulirudi kwa miguu kidogo ili ninyooshe magoti. Watu walikuwa wanaelekea msikitini. Simu ya Sheikha ikatetemeka mkobani, ikatetemeka tena, hakuitoa. Tulipofika penye kivuli akasimama, akanirekebishia buibui begani.

"Nyanya," akasema, "na kama wale wangalinikataa jana, kweli ungaliwapa pesa?"

Nilifikiri. Mtoto alikuwa ameuliza vizuri, na alistahili jibu.

"Pesa ningaliwapa, kwa kuwa nilisema," nikamwambia. "Lakini ningalikaa nikitafuta jengine."

Alinitazama, akatikisa kichwa. Kisha akanishika mkono, tukavuka barabara.